Kabla ya kumkatia mtoto tiketi ya Ulaya, tumkumbuke Sunday Manara

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji ambaye mazungumzo haya yanakufikia gazetini baada ya kupita hewani, juma hili niruhusu nianzie nyumbani kwangu hapa Miembeni, mjini Bukoba. Sina desturi ya kuyaleta mambo ya ukoo redioni. Lakini hili la leo naamini halikubisha hodi kwangu peke yangu.

Jumapili iliyopita alasiri alinijia dada yangu kutoka Muleba. Hakuja na mkungu wa ndizi wala kikapu cha senene kama ilivyo kawaida yake. Alikuja na bahasha moja ya kaki, na baada ya salamu akaniwekea mezani bila maelezo. Ndani mlikuwa na karatasi yenye picha ya mpira pembeni na mhuri usiosomeka, ikisema kwamba mwanawe wa miaka 17, ambaye anakaa kwangu kwa ajili ya shule, amechaguliwa kwenda Ulaya kufanya majaribio ya soka la kulipwa. Mzazi alitakiwa kutanguliza shilingi 1,200,000 za "kufungulia faili". Aliyeileta ni bwana mmoja aliyemwona kijana mazoezini. Kumbe kijana alikuwa amempa namba ya simu ya mama yake, na mimi ninayekula naye sahani moja sikuambiwa kitu.

"Kaka," dada akasema, "fedha ninazo, ni za kahawa ya msimu huu. Wewe ni mtu wa redio, watu wa mpira unawajua. Nitoe au nisitoe?"

Sikumjibu papo hapo. Nilimwita kijana, aliyekuwa amejibanza mlangoni akijifanya anafunga kamba za viatu, nikamuuliza kama anamjua Sunday Manara.

"Manara? Si Haji, mjomba?"

Dada na mimi tulicheka, lakini kicheko changu kilikuwa na uchungu ndani yake. Haji ni mtoto. Amekuwa msemaji wa Simba, kisha mwaka 2021 akahamia kwa watani wa jadi, na nchi nzima inaijua sauti yake. Baba yake ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza soka la kulipwa barani Ulaya, na kijana anayetaka kwenda Ulaya kucheza soka hajapata kumsikia. Sisi watu wa redio tunapenda kusema sauti hushinda kila kitu. Siku ile sikufurahi kuona kwamba imeishinda hata miguu ya Sunday Manara.

Basi nikamwambia kijana akae chini. Yale niliyomweleza siku ile ndiyo ninayokuletea leo, msikilizaji, kwa mpangilio kidogo zaidi.

Mimi mwenyewe Sunday Manara nilirithishwa na marehemu baba yangu. Alikuwa karani wa kupima kahawa, Yanga damu damu, na mwezi Agosti mwaka 1974 alipanda meli ya MV Victoria hapa bandarini Bukoba, akalala kwenye benchi la daraja la tatu, akaamkia Mwanza. Alikuwa anakwenda uwanja wa Nyamagana. Simba na Yanga walikuwa wanakutana kuamua nani bingwa wa Tanzania, na safari hii watu wa Kanda ya Ziwa hawakulazimika kuifuata Dar es Salaam.

Ili uelewe uzito wa siku ile, kumbuka timu hizi zilikuwa wapi. Yanga ilikuwa imeushika ubingwa miaka mitano mfululizo, kuanzia 1968 hadi 1972. Mwaka 1973 Simba wakaunyakua. Na Simba ya 1974 haikuwa ya kuchezewa: mwaka huohuo ilifika nusu fainali ya Kombe la klabu bingwa Afrika, ikatolewa na Mehalla ya Misri kwa mikwaju ya penalti. Kwa hiyo waliokwenda Nyamagana Jumamosi ile ya Agosti 10 walikwenda kuangalia timu mbili zilizokuwa na uwezo wa kusimama na yeyote barani.

Adam Sabu akaipatia Simba bao dakika ya 16. Baada ya hapo, kwa maelezo ya baba, kilichofuata kilikuwa ni kuomba Mungu. Dakika zikayoyoma, mapumziko yakapita, kipindi cha pili kikaelekea ukingoni, na wapo watu wa Yanga walioanza kutoka uwanjani kuwahi usafiri. Dakika ya 87 Gibson Sembuli, mtu wa mashuti mazito, akasawazisha. Mchezo ukaingia muda wa nyongeza, na dakika ya 97 Sunday Manara akafunga la pili. Yanga 2, Simba 1. Ubingwa ukarudi Jangwani.

Baba alirejea Bukoba sauti imemkauka. Alituhadithia bao lile kwa miaka, na kila mwaka Manara alianzia kuukimbilia mpira mbali zaidi na lango. Nilipofika darasa la saba alikuwa anaanzia karibu na mstari wa katikati. Mama alizoea kumwambia, "Baba nanihii, mwaka kesho utamwanzishia bandarini." Lakini dakika na majina ya wafungaji baba hakuyabadili hata siku moja, na hayo ndiyo niliyoyaandika hapa.

Manara walikuwa watatu Yanga, ndugu wa tumbo moja. Mkubwa alikuwa Kitwana, waliyemwita Popat, mtu wa ajabu aliyewahi kulinda lango kabla ya kuhamia mbele na kuanza kuyatafuta malango ya wenzake. Ndiye aliyefunga moja kati ya mabao matano Yanga iliyoifunga Sunderland, yaani Simba ya leo kabla haijabadili jina, Juni 1, 1968. Mdogo alikuwa Kassim. Katikati yao ndiye huyu Sunday, na yeye watu walimbatiza jina la Kompyuta.

Kijana alicheka aliposikia jina hilo, maana kwake kompyuta ni kitu cha chumba cha mwalimu mkuu. Nikamwambia afikirie miaka ile. Wengi wetu kompyuta ilikuwa ni neno tu, mashine iliyosemekana kufanya hesabu za watu mia kwa kufumba na kufumbua. Mchezaji kuitwa jina hilo maana yake ni kwamba waliomwona waliamini ameshapiga hesabu kabla mpira haujamfikia, na beki anapofikiri aende kulia au kushoto, mwenzake ameshapata jibu.

Hapa ndipo nilipomwambia dada asikilize vizuri. Mwaka 1974 Sunday alikuwa ameshaamua ubingwa wa nchi mbele ya umati. Hata hivyo, Ulaya hakwenda 1974 wala 1975. Alikwenda 1977. Miaka mitatu mizima baada ya Nyamagana aliendelea kucheza hapahapa.

Na miaka hiyo mitatu haikuwa ya raha. Mwanzoni mwa 1975 Yanga iliifunga tena Simba mabao 2-0 kule Zanzibar na kutwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati, na ungetegemea nyumba yenye mafanikio hayo itulie. Haikutulia. Ulizuka mgogoro ambao wazee wa Jangwani hadi leo hawapendi kuulizwa, na kufikia 1976 klabu ilikuwa imepasuka vipande viwili. Waliotoka, na akina Manara walikuwa miongoni mwao, ndio waliounda Pan African, timu iliyokuja kuwa bingwa wa Tanzania mwaka 1982. Yanga iliyobaki ilikuwa ya vijana wachanga. Julai 19, 1977 vijana hao walikutana na Simba, wakafungwa 6-0, Abdallah Kibadeni peke yake akifunga matatu. Ukimsikia shabiki wa Simba akijigamba kwa zile sita, mkumbushe kwa upole kwamba aliifunga nyumba ambayo wenyewe walikuwa wamehama.

Mwaka huohuo wa 1977 Sunday Manara akasajiliwa na Heracles ya mji wa Almelo, mashariki mwa Uholanzi.

Ukilitaja jina hilo kijiweni, wengi watadhani ni timu kubwa kama Ajax. Hapana. Heracles ni klabu ya kale na ya heshima, iliyopata kuwa bingwa wa Uholanzi mwaka 1927 na tena 1941, lakini wakati Manara anafika ilikuwa inacheza daraja la pili. Almelo ni mji wa viwanda vya nguo. Silisemi hili kumpunguzia Manara sifa. Uholanzi ya miaka ile ilikuwa mahali pagumu kuliko pote kwa mchezaji mgeni kupata namba: timu yao ya taifa ilicheza fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1974, ikacheza tena fainali mwaka 1978, na mbinu zao ndizo dunia nzima ilizokuwa ikizihangaikia. Kupata mshahara kwa kucheza mpira katika nchi hiyo, hata daraja la pili, kwa mtu aliyekulia katika soka letu, halikuwa jambo dogo.

Soka letu lilikuwa la ridhaa. Neno hili vijana wa leo hawalijui, kwa hiyo ngoja nilifafanue. Mchezaji wa Yanga au Simba alikuwa mtu mwenye kazi yake nyingine, bandarini, kiwandani au shirika la umma, na jioni alikwenda mazoezini. Klabu ilimpa nauli, posho, pengine mahali pa kulala, na mwanachama mwenye uwezo akimpenda alimpa cha kumpa. Mkataba wa maandishi unaosema mwezi utakapoisha utalipwa kiasi fulani, na klabu isipokulipa unayo haki ya kudai, kitu hicho hakikuwepo. Kwa hiyo Manara alipotoka Dar es Salaam kwenda Almelo hakubadili nchi tu. Alibadili kazi. Aliondoka akiwa mtu anayecheza mpira, akafika akiwa mwajiriwa wa mpira.

Wala tusidhani wenzetu walizaliwa na utaratibu huo. Waingereza, ambao soka la kulipwa wamelihalalisha tangu 1885, mpaka mwaka 1961 walikuwa na sheria kwamba hakuna mchezaji, hata awe bingwa wa namna gani, atakayelipwa zaidi ya pauni 20 kwa wiki. Na mkataba ukiisha, klabu iliweza kumshikilia mchezaji asiende popote, mpaka George Eastham alipokwenda mahakamani na hukumu yake ikatoka 1963. Ilibidi wafike mwisho wa 1995, kesi ya yule Mbelgiji Bosman, ndipo mchezaji wa Ulaya aliyemaliza mkataba akaweza kuondoka bila klabu yake ya zamani kudai ada. Mwaka 1977 Sunday Manara alikuwa mgeni kutoka Afrika katika dunia ambayo hata wenyeji wake walikuwa hawajapata haki zao zote. Hakuwa na Mtanzania aliyemtangulia wa kumuuliza mkataba unasomwaje, baridi unaivaliaje, au kocha akikufokea kwa lugha usiyoijua unajibu nini.

Msimu wa Uholanzi ulipomalizika hakurudi nyumbani. Alivuka bahari, akaenda Marekani, New York Eagles.

Hapa lazima nisahihishe jambo. Nimepata kumsikia mzee mmoja, nje ya duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Bukoba, akiapa kwamba Manara alicheza na Pelé kule New York. Hadithi ni tamu, ila haikubaliani na kalenda. Pelé alikuwa New York Cosmos, na aliagwa rasmi Oktoba 1, 1977. Eagles ilikuwa klabu nyingine, katika ligi nyingine, American Soccer League, iliyokuwa chini ya ile ya Cosmos. Mji ni mmoja, basi. Ni kama kusema kila aliyefungua duka Kariakoo amewahi kuwa mshirika wa Bakhresa.

Kutoka Marekani akarudi Ulaya, safari hii Austria, klabu ya St. Veit. Mdogo wake Kassim naye alikuja kucheza nchini humo. Kisha Sunday akaenda Dubai, klabu ya Al Nasr, mojawapo ya klabu kongwe za Ghuba. Nadhani hapo angalau masikio yake yalipumzika, maana Dubai hakuna kona utakayokosa mtu wa kukujibu kwa Kiswahili.

Nilipofika hapo nilimwomba kijana anihesabie. Akahesabu kwa vidole: Uholanzi, Marekani, Austria, Dubai. Nchi nne. Hakuna hata klabu moja kati ya hizo ambayo jezi yake inauzwa pale soko kuu la Bukoba. Hiyo ndiyo kazi ya mwanasoka wa kulipwa kwa wengi wao, hata leo. Ni kufungasha. Unamaliza mkataba, unatafuta mwingine, unakwenda ulipo. Bwana mwenye mhuri usiosomeka anapomwambia mzazi "Ulaya", mzazi anaona Manchester na Madrid. Haoni Almelo siku ya mvua, uwanja nusu, na kijana wa watu akipigania namba ili mkataba usikatwe.

Na wakati Sunday anazunguka huko, nyumbani mambo hayakumsubiri. Kwetu sisi wa Kagera sina haja ya kueleza mwaka 1978 ulivyomalizika. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Oktoba, yakakalia eneo lote la kaskazini ya mto, daraja la Kyaka likabomolewa. Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Agosti ya mwaka huohuo, nchi ikiwa bado inahesabu hasara za vita, Taifa Stars ilikwenda Ndola, Zambia, ikapata sare ya 1-1 kwa bao la Peter Tino, na Tanzania ikafuzu fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Machi 1980 vijana wakaenda Lagos wakiongozwa na nahodha Leodegar Tenga. Walifungwa na wenyeji Nigeria 3-1, wakafungwa na Misri 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Ilitubidi tusubiri miaka 39, mpaka 2019, kuiona tena Taifa Stars katika fainali hizo.

Kikosi cha Lagos hakikuwa na Sunday Manara. Siku hizo klabu ya Ulaya haikubanwa kama leo kumwachia mchezaji aitumikie nchi yake, na aliyeondoka alionekana ameondoka. Mchezaji wetu wa kwanza wa kulipwa Ulaya na timu yetu ya kwanza ya fainali za Afrika walipishana. Mimi jambo hili huniuma kuliko lile la Pelé. Sisemi tungechukua kombe. Lakini kati ya matokeo yale matatu, mawili yalikuwa ya bao moja au sare, na mtu wa dakika ya 97 hakuwepo.

Faida kwa klabu zilizomlea? Hapakuwa na utaratibu wowote wa dunia wa kuzihakikishia hata senti moja. Leo upo. Tangu 2001 kanuni za FIFA zinataka mchezaji anapouzwa katikati ya mkataba kwenda nchi nyingine, asilimia 5 ya fedha igawiwe klabu zote zilizomlea kuanzia umri wa miaka 12 hadi 23. Kiongozi wa timu ya mtaa anayenisikiliza sasa hivi, kama huna daftari la usajili lenye majina na tarehe za kuzaliwa, umeshaitupa fedha hiyo kabla haijaja.

Baada ya Manara njia haikufunguka kwa kishindo kama tulivyotegemea. Walikwenda wachache, mmoja mmoja. Renatus Njohole alicheza Uswisi, Henry Joseph akaenda Norway, Nizar Khalfan akafika Vancouver, Kanada. Uingereza, ambako macho yetu yote yako kila Jumamosi jioni, ligi kuu yake haikupata Mtanzania mpaka Januari 2020, Mbwana Samatta aliposajiliwa na Aston Villa. Toka 1977 hadi 2020 ni miaka 43.

"Huyo namjua," kijana akasema, akawa amechangamka.

Nikamwambia, vizuri, basi nieleze alivyofika. Akaanza kwa Villa. Nikamrudisha nyuma. Samatta ni kijana wa Mbagala. Alicheza African Lyon, akaenda Simba, na mwaka 2011 akanunuliwa na TP Mazembe ya Lubumbashi. Pale alikaa karibu miaka mitano. Mwaka 2015 Mazembe ikawa bingwa wa Afrika, naye mfungaji bora wa mashindano, akatuzwa kuwa mchezaji bora wa mwaka kwa wanaocheza ndani ya bara. Ndipo Januari 2016 Genk ya Ubelgiji ikamchukua. Miaka minne tena, ubingwa wa Ubelgiji msimu wa 2018/19, bao pale Anfield dhidi ya Liverpool Novemba 2019. Ndipo Villa. Machi 1, 2020 alifunga Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi, ingawa Manchester City walishinda 2-1. Alikuwa na miaka 27.

Linganisha watu hawa wawili, msikilizaji, waliopishana kwa zaidi ya miaka 40. Hakuna hata mmoja aliyekwenda Ulaya ili aonekane. Walikwenda wakiwa wameshaonekana. Manara alikuwa na Nyamagana nyuma yake, Samatta alikuwa na Afrika nzima. Katika safari kama hizo anayemtaka mchezaji ndiye anayeingia mfukoni. Mama wa mchezaji hatakiwi kuuza kahawa.

Dada alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo mzazi yeyote angeuliza. "Na kama huyu bwana ni wa kweli, na mimi nikamnyima mtoto bahati yake?"

Swali hilo halikustahili kejeli, na sikulijibu kwa kejeli. Nilimwambia mambo mawili ambayo hata yeye anaweza kuyafuatilia. La kwanza, kijana ana miaka 17, na kanuni za FIFA zinakataza kumhamisha mchezaji chini ya miaka 18 kwenda klabu ya nchi nyingine, ila kwa sababu chache zilizotajwa, kama vile wazazi wake kuwa wamehamia huko kwa shughuli zisizohusu mpira. Yeye anahamia Ulaya lini? Akacheka. La pili, tangu 2023 FIFA imerudisha leseni za mawakala, na leseni haipatikani bila kufanya mtihani. Mwenye leseni haoni tabu kukutajia namba yake.

Nikampigia yule bwana palepale, simu ikiwa na sauti ya wazi ili wote wasikie. Alikuwa na lugha nzuri, mwenye haraka kidogo. Nilipojitambulisha kuwa ni mjomba wa kijana akanipa hongera. Nilipomwomba namba ya leseni akasema mtandao unasumbua, atanitumia kwa ujumbe. Hadi naandaa mazungumzo haya, siku ya nne, ujumbe haujafika na simu yake haipatikani.

Kijana hakula vizuri usiku ule. Sikumlaumu. Ni umri wa kuamini, na mimi ndiye niliyeichana barua. Lakini asubuhi yake, kabla ya shule, alinijia na swali jipya.

"Mjomba, huko Almelo wanachezea nyasi za kweli?"

Nikamwambia kwamba mwaka 2003 Heracles ilikuwa klabu ya kwanza ya ligi za kulipwa Uholanzi kutandika nyasi bandia. Akafikiri kidogo.

"Kama za Kaitaba?"

Kama za Kaitaba, nikamjibu, na kutoka hapa Miembeni unakwenda kwa miguu. Jumamosi hii timu yao ina mchezo, yeye atacheza winga ya kulia. Dada amesema atabaki mjini amwangalie, kisha Jumatatu arudi Muleba na bahasha yake, safari hii ikiwa na fedha za kahawa ndani.